Uzoeshe Kazi Upanga Mrefu wa Msumeno Wako

Ndugu mkulima, ikiwa shamba lako liko kando ya Mto Tana, popote kati ya Balambala na Masalani, huna haja ya kuambiwa mathenge ni mti gani. Unaujua kwa miiba yake itoboayo kandambili na magurudumu ya mikokoteni. Unaujua kwa mbuzi wako walioharibika meno kwa kula maganda yake matamu. Mti huu uliletwa Kenya katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa huko Bura, kwenye mradi wa umwagiliaji, ili watu wapate kuni na upepo upate kuzuiwa. Kuni zilipatikana kweli, lakini mti nao ulitoroka ukaingia malishoni, mashambani na kwenye mifereji ya maji. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza kuwa magugu yadhuruyo.

Leo wakulima wengi wanaufyeka kwa msumeno wa injini, ule ambao watu huuita pawasoo. Fikiri kikundi cha wakulima kumi. Wamechanga fedha, wengine wameuza mbuzi, wakanunua msumeno mkubwa wenye upanga mrefu ili wasafishe ekari zao kabla ya mvua za Machi. Siku ya kwanza wanauwasha na kuuingiza moja kwa moja katika shina gumu la mathenge, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Siku ya tatu cheni inatoa moshi, msumeno unakata kwa kupinda, na upanga una madoa ya rangi ya buluu. Kwa kipuri kipya huenda wakasafiri mpaka Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Mvua haitawangoja. Somo hili limeandikwa ili jambo hilo lisikupate.

UPANGA NI NINI?

Upanga tunaousema hapa ni kile chuma kirefu, bapa, kitokacho mbele ya injini, ambacho cheni ya meno hukizunguka. Kitazame kwa makini. Pembeni mwake kuna mfereji mwembamba unaokizunguka chote. Mfereji huo una kingo mbili, moja kulia na moja kushoto. Kwenye ncha ya panga nyingi kuna gurudumu dogo la meno lisaidialo cheni kugeuka.

Sasa tazama cheni. Kwa juu ina meno ya kukatia. Kwa chini ina vijino vingine, navyo hupita ndani ya mfereji wa upanga. Jino la juu hukata mti, na kijino cha chini huiongoza cheni na kuibebea mafuta. Basi ujue kwamba chuma kinasugua chuma wakati wote wa kazi, kwa mwendo wa kasi sana. Kitu kimoja tu ndicho kinachovitenga vyuma hivyo visiunguzane, nacho ni mafuta.

Upanga wa sentimita 40 au 45 ni wa kawaida. Sisi tunausema ule wa sentimita 63, 75 au 90. Huo una taabu tatu zaidi ya mfupi. Kwanza, mafuta yana safari ndefu kutoka kwenye injini mpaka kwenye ncha na kurudi. Pili, cheni yake ni ndefu, kwa hiyo ikipata joto hurefuka na kulegea zaidi. Tatu, kosa dogo la kunoa, ambalo kwenye upanga mfupi halionekani, kwenye upanga mrefu huupotosha mkato kabisa.

KABLA YA KUNUNUA

Uliza kwanza kama injini yako ina nguvu za kutosha. Kwa upanga wa sentimita 63 mpaka 75 injini isiwe chini ya sentimita 70 za ujazo, yaani kile ambacho wauzaji huita "sisi 70". Kwa upanga wa sentimita 90 tafuta injini ya sisi 90 au zaidi. Injini ndogo itauzungusha upanga mrefu hewani, lakini ndani ya mathenge itachoka, itapata joto, na pampu yake ya mafuta haitatosha.

Tena, cheni na upanga havina budi kupatana kwa mambo matatu. Jambo la kwanza ni nafasi ya ribiti. Pima urefu wa ribiti tatu zinazofuatana, ugawanye kwa mbili. Jambo la pili ni unene wa vijino vya chini, ambao mara nyingi ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Jambo la tatu ni idadi ya vijino hivyo. Kwa kawaida namba hizi zimechapwa kwenye chuma cha upanga, karibu na injini. Ziandike katika daftari lako, na uende nazo dukani. Kijino cha milimita 1.3 katika mfereji wa milimita 1.6 kitayumba kama mguu mdogo katika kiatu kikubwa, na kingo zitalika upesi.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni gurudumu la meno lililo kwenye injini, lile linaloivuta cheni. Kama limechongeka, libadilishe. Gurudumu kuukuu huila cheni mpya, na cheni iliyoharibika huuharibu upanga.

SIKU YA KWANZA

Wafugaji wa Garissa wanajua kwamba ngamia mchanga habebeshwi mzigo mzima siku ya kwanza. Hufundishwa kupiga magoti, huwekewa mzigo mwepesi, kisha huongezewa. Upanga mpya na cheni mpya ni vivyo hivyo. Fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Usiku wa kuamkia kazi, itie cheni mpya katika sufuria au kopo lenye mafuta safi ya cheni, ilale humo. Mafuta yataingia ndani ya ribiti, mahali ambapo pampu haipafikii upesi.

2. Pitisha kidole chenye glavu kwenye kingo za upanga. Ukisikia ukali au vipande vya chuma vimejitokeza, viondoe polepole kwa tupa bapa. Tazama kitundu cha mafuta kama ki wazi.

3. Funga upanga na cheni, injini ikiwa imezimwa. Meno yaliyo upande wa juu wa upanga yaelekee kwenye ncha. Inua ncha ya upanga kwa mkono mmoja huku ukikaza skrubu kwa mwingine. Hili ni muhimu sana kwa upanga mrefu, maana ncha yake ni nzito na huning'inia. Ncha ikiwa bado imeinuliwa, kaza nati kwa spana.

4. Pima mkazo. Cheni iuguse upanga kwa chini bila kuning'inia, nawe uweze kuivuta kwa mkono wenye glavu ikazunguka bila kukwama. Ikiwa haivutiki, umekaza kupita kiasi.

5. Jaza mafuta ya cheni. Kama msumeno wako una skrubu ya kupimia mafuta, iweke kwenye kiasi cha juu kabisa.

6. Washa, uache msumeno uzunguke kwa mwendo wa nusu kwa muda wa dakika moja au mbili, bila kukata kitu. Zima. Ngoja upoe. Kaza cheni tena, maana itakuwa imelegea.

7. Sasa kata mti laini na safi. Tawi la mwembe lililopogolewa, lenye unene wa paja, linafaa sana. Kata mara tatu au nne bila kukandamiza. Zima, ngoja upoe, kaza tena.

8. Katika tangi zima la kwanza la petroli fanya kazi nyepesi tu, na usimame kutazama cheni mara tatu au nne. Baada ya hapo ndipo unapoweza kuliendea shina la mathenge.

Kazi hii yote haizidi asubuhi moja. Asubuhi hiyo ndiyo itakayoamua kama upanga utakutumikia kwa misimu mingi au kwa wiki moja.

HABARI YA MAFUTA

Katika nchi ya joto kama yetu, ambako mchana hupita nyuzi 34 mara nyingi, mafuta mepesi huwa kama maji. Cheni ifikapo kwenye ncha huyarusha yote hewani, na safari ya kurudi chini ya upanga huwa kavu. Kwa hiyo tumia mafuta ya cheni yaliyo mazito na yenye kunata. Yakikosekana kabisa, oili mpya ya injini ya namba 30 au 40 ni afadhali kuliko kukauka.

Wako watu watumiao oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye lori. Usifanye hivyo. Oili ile imejaa unga wa chuma, ambao husaga kingo za upanga na kuziba pampu. Tena ina sumu. Inakurukia mikononi na usoni siku nzima, na inaanguka kwenye udongo ule ule utakaopanda nyanya na vitunguu.

Kila asubuhi pima mafuta hivi. Shika msumeno uliowashwa, ncha ikielekea kisiki cheupe au karatasi, umbali wa shibiri moja, pasipo kugusa. Ongeza mwendo kidogo. Baada ya nusu dakika hivi uone mstari wa mafuta pale. Usipouona, usikate. Zima, safisha kitundu cha mafuta na mfereji. Tena ifanye kuwa desturi kwamba kila ujazapo petroli, unajaza na mafuta ya cheni.

Ikiwa upanga wako una kitundu kidogo karibu na ncha, kitie grisi kwa bomba lake kila siku ya kazi, ukilizungusha lile gurudumu dogo kwa mkono wenye glavu. Kama hakuna kitundu, usitoboe. Upanga wa namna hiyo haukukusudiwa kutiwa grisi.

ADUI MKUBWA NI MCHANGA

Hapa ndipo wakulima wengi wa Tana wanapokosea, na kosa lenyewe lina sababu njema. Mkulima anajua kwamba mathenge uliokatwa juu ya ardhi huchipua tena, ukatoa machipukizi mengi mahali pa shina moja. Kwa hiyo huinamisha msumeno mpaka udongoni, akitaka kukata chini kabisa. Mara moja tu ya kugusa mchanga hutosha kuyafuta meno yote makali. Chembe za mchanga huingia katika mfereji, zikachanganyika na mafuta, nayo yakawa kama msasa.

Njia iliyo sawa ni kuigawa kazi. Kwanza, futa miiba na matawi madogo kwa panga na uma mrefu wa mti, upate mahali pa kusimama. Pili, kata shina kwa msumeno sentimita 20 hivi juu ya ardhi. Tatu, weka msumeno kando, uchukue jembe, sururu na shoka, uling'oe kisiki kwa kukata mizizi chini ya udongo, sentimita 10 au zaidi. Machipukizi hutoka sehemu ile ya juu, karibu na uso wa ardhi. Ukiiondoa, umeumaliza mti. Kwa hiyo msumeno ni wa shina, na jembe ni la mzizi. Ukivibadilisha kazi utapoteza vyote viwili.

Mashina yaliyosimama ndani ya maji ya mafuriko, kama yale ya mwisho wa mwaka 2023 na ya Aprili na Mei 2024, huwa na matope yaliyokaukia kwenye maganda. Bandua ganda kwa panga pale utakapopitisha msumeno. Na gogo lililolala chini liinue kwanza juu ya magogo madogo, ili ncha ya upanga isichome ardhi upande usiouona. Upanga ni mrefu, na ncha yake iko mbali na macho yako.

Kadhalika usitumie upanga mrefu kwa vijiti na matawi. Kazi hiyo ni ya panga la mkono au ya upanga mfupi. Mrefu uwekee mashina manene na kazi ya kupasua mbao.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Kazi ikiisha, fanya mambo haya kabla ya kunywa chai:

Kwanza, legeza cheni. Cheni ya moto iliyokazwa, ikipoa usiku hujikunja na kuvuta kwa nguvu, hata ikaumiza mashine ndani ya injini.

Pili, fungua kifuniko cha pembeni, uondoe unga wa mbao. Chokoa mfereji wote kwa waya bapa au kipande cha bati, kuanzia kwenye injini mpaka kwenye ncha. Safisha kitundu cha mafuta.

Tatu, noa. Tumia tupa ya mviringo yenye kipimo cha cheni yako, na kila jino lipate idadi ile ile ya misukumo. Meno ya kulia yakiwa mafupi kuliko ya kushoto, msumeno utapinda, nao upanga utalika upande mmoja. Kile kidomo kilicho mbele ya kila jino, kinachopima jino lile litakula mti kiasi gani, kitazame baada ya kunoa mara kadhaa. Usikifupishe kwa kukisia. Tumia kipimo chake. Kikiwa kifupi mno, jino litaung'ata mti mgumu na msumeno utakurukia.

Nne, vika upanga ala yake. Katika lori usiuegemeze kwa ncha, wala usipakie magunia juu yake. Upanga mrefu uliopinda ni vigumu kuunyoosha.

KILA UBADILISHAPO CHENI

Geuza upanga, upande wa chini uwe juu. Sisi hukata zaidi kwa upande wa chini, kwa hiyo huo ndio ulikao. Upanga usiogeuzwa hufa upande mmoja huku wa pili bado ni mpya.

Kisha tazama kingo. Zikiwa zimetoa kucha za chuma kwa nje, ziondoe kwa tupa bapa. Zikiwa hazilingani, zisawazishe kwa tupa hiyo, ukiishika wima kabisa, mpaka zilingane. Pima na kina cha mfereji. Kwa cheni nyingi kubwa, kikipungua milimita 6, vijino vya chini hugusa sakafu ya mfereji, na upanga huo umeshakwisha.

Kuna jaribio jepesi. Laza kipande cha chuma kilichonyooka ubavuni mwa upanga, kiguse na jino la cheni. Kati ya chuma hicho na ubavu wa upanga pawe na nafasi ndogo. Isipokuwapo, cheni imelala upande, maana kingo zimepanuka. Fanya jaribio hilo pande zote mbili.

DALILI NA SABABU ZAKE

Madoa ya buluu kwenye kingo: upanga ulikosa mafuta, au cheni ilikazwa mno.

Mkato unapinda: meno hayalingani, au ukingo mmoja umelika.

Msumeno unatoa unga mwembamba badala ya vipande: cheni ni butu. Usiukandamize. Noa. Mtu akandamizaye msumeno butu huumaliza upanga kwa mikono yake mwenyewe.

Cheni inaruka nje ya mfereji: imelegea, au vijino vya chini na mfereji havipatani.

Upanga unabanwa ndani ya mti: ulikosa kabari. Zima injini, piga kabari ya mti au plastiki, uuchomoe ukiwa umenyooka. Usiutikise kwa kuupinda.

USALAMA WAKO

Ncha ya upanga, hasa robo yake ya juu, ikigusa kitu ghafla, msumeno wote huruka kuelekea uso wa mshikaji. Katika kichaka cha mathenge, chenye mashina mengi pamoja, ncha ya upanga mrefu hugusa shina la nyuma usilolitazamia. Kwa hiyo safisha nyuma ya mti kabla ya kuukata, shika kwa mikono miwili, na hakikisha breki ya cheni inafanya kazi. Vaa kofia ngumu, miwani, glavu, viatu vya ngozi na suruali nzito. Watu wengine wakae umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili.

Tena ukumbuke kwamba somo hili ni la mathenge. Mikuyu, mikwaju na miti mingine ya asili ya ukingo wa Tana ndiyo inayoushika udongo usichukuliwe na mto. Usiikate, na kabla ya kuchoma makaa au kuyasafirisha, uliza kwanza ofisi ya misitu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Soma maswali haya pamoja na wenzako katika kikundi. Mmoja akishindwa kujibu, mwingine amfundishe.

1. Kwa nini cheni mpya hulazwa katika mafuta usiku mmoja?
2. Kwa nini ncha ya upanga huinuliwa wakati wa kukaza cheni?
3. Oili chafu huudhuru vipi upanga, na humdhuru vipi mtu?
4. Kisiki cha mathenge hukatwa kwa chombo gani chini ya ardhi, na kwa nini si kwa msumeno?
5. Upanga hugeuzwa lini?

Mwisho, kikundi kichague mtu mmoja wa kuutunza msumeno, aandike katika daftari siku cheni ilipobadilishwa na siku upanga ulipogeuzwa. Kitu cha watu kumi kisichokuwa na mtunzaji ni kitu cha kila mtu kulaumu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa upanga ni ule mfereji uliojaa uchafu jioni moja, mtu akasema, "Nitausafisha kesho." Usafishe leo, ili mvua ikinyesha ikute shamba liko wazi na mbegu ziko mkononi.